Dresa wa Ukweni

Dispensarini, kando ya Mto Kamukuywa,
Alhamisi, 14 Julai 1949.

Kwa shemeji yangu Walubengo, Kibomet, Kitale.

Pokea salamu zangu, shemeji, nyingi kama mvua ya huku ambayo mwaka huu imesahau kupumzika. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Jerono mzima, na watoto hawana kikohozi. Ukitaka kujua hali yangu, kwa mwili sijambo. Dada yako Nekoye hajambo pia, ila kwa sasa hatulali nyumba moja. Yeye yuko nyumbani kwa mama yenu, anaangalia ng'ombe na kupalilia mahindi, na mimi nalala hapa dispensarini kwenye benchi la wagonjwa. Hatukugombana. Jioni ananiletea ugali, anauweka mlangoni, ananiuliza swali moja, nami nainama kuchukua sahani, basi anarudi zake.

Nakuomba barua hii uisome yote leo, hata kama unaitwa kazini. Ndani yake mna jambo la mama lisiloweza kungoja kesho.

Yako niliipata. Umeniuliza kama nimempiga dada yako, na kama kuna mtu amemtisha mama kwa sababu ya shamba. Umeuliza pia kwa nini mama, mwanamke aliyekataa kulala Kitale hata siku moja tangu uhamie huko ameshuka kwenye lori la mbao bila kikapu, halafu haongei, hakai vizuri, na kila jioni anatetemeka kwa homa ambayo kwinini ya dukani haiiwezi. Dada yako sijampiga. Shamba lenu hakuna anayelitamani, lina mawe mno. Hilo la mwisho ndilo nitakalolijibu, lakini nivumilie nilifikie kwa miguu yangu, maana nikilirukia nitaichana karatasi.

Wewe ulikuwa umeshahamia Kitale nilipoletwa hapa. Nilipomaliza mafunzo ya udresa, ya kufunga vidonda na kugawa dawa, niliwaambia wakubwa wanipeleke popote, hata Kwanza kwenye mashamba ya Wazungu, hata kwenye matope ya Malakisi. Wakanileta ukweni. Karani aliyeandika jina langu alidhani amenifanyia hisani. Alisema, ati, mke wako ni wa huko, hutakuwa mgeni. Karani yule si Mbukusu, na hakujua kwamba mkwe akiishi ukweni hana hata mahali pa kupigia chafya.

Wewe unayajua haya kwa kusikia, mimi nimeyaishi miaka miwili. Njia ya mtoni inapita langoni kwa mama, kwa hiyo mimi, nisije nikakutana naye uso kwa uso, nazungukia kinamasini, na watu wanaponiona na matope hadi magotini wanacheka kwamba dresa anaoga kabla ya kuoga. Kanisani mama hukaa ndani, basi mimi nasikiliza mahubiri nje, chini ya ukingo wa paa, na siku za mvua namsikia mchungaji nusu. Wazee wakikaa kwenye chungu cha busaa wananiita kwa heshima kubwa, nami najibu kwa heshima kubwa, halafu naondoka, kwa maana wote ni baba zangu wakwe na siwezi kulewa mbele yao. Kwetu, upande wa Bungoma, mimi ni mtu wa mizaha, muulize yeyote. Hapa sijamchekesha mtu tangu nifike. Kuna jioni najikuta nawasimulia chupa hadithi, nazo hazina adabu hata ya kuitikia.

Kazi yenyewe ni nyingi kuliko mtu mmoja. Wanakuja kutoka kila kijiji, na Jumapili wale maskwota, vibarua wanaoishi kwenye mashamba ya Wazungu upande wa Naitiri, wanavuka mto na watoto mgongoni, kwa kuwa huko bwana shamba ana daktari wa farasi na hana wa watu. Sanduku la dawa hushushwa Bungoma stesheni mara moja kwa miezi mitatu, na kabla ya miezi miwili nabaki na aidini na maneno matamu. Lakini hilo silo lililoniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba wanawake hawakuja. Katika kila wagonjwa mia niliowaandika kitabuni, wanawake hawakufika ishirini, na hao walikuja na maumivu ya vidole na meno. Mwanamke wa hapa hawezi kumvulia mwanamume mgeni nguo, na mbaya zaidi, nusu ya wanawake wa hapa ni mama zangu wakwe.

Nilikwenda barazani kuomba wamwajiri mama mmoja tu, awe anaosha vidonda vya wanawake na kuniambia anachokiona. Nilisimama mbele ya wazee kwa viatu vilivyopakwa rangi. Walinijibu kwamba kodi ya mwaka huu imeshakwenda kwenye paa la dispensari hiyo hiyo, na mzee mmoja akaongeza kuwa wanawake walikuwa wanaugua na kupona kabla baraza halijazaliwa. Watu walicheka. Nilirudi nyumbani, nikatoa blanketi letu kitandani, nikalitundika katikati ya chumba cha dawa. Nekoye akawa ndiye mama niliyenyimwa. Yeye alikaa na wanawake upande wa pili, akiangalia na kunieleza, na mimi nilikaa upande huu nikimwambia la kufanya. Dada yako ana macho mazuri, shemeji. Kuna madresa niliosoma nao wasiomfikia.

Mwishoni mwa mwezi wa sita mama alikuja na jipu. Siku hiyo tulikuwa na kicheko kikubwa, na ninaikumbuka kwa sababu ndicho kicheko cha mwisho. Mimi na mama hatusemeshani, kama unavyojua, basi nilizungumza na mlango. Nilimwambia mlango amuulize mgonjwa limeanza lini. Mama akamwambia kuku aliyekuwa anazunguka pale kwamba ni siku tatu. Nikamwuliza mlango kama linauma usiku. Mama akamjulisha kuku kwamba maswali mengine si ya kuulizwa. Foleni yote ilivunjika mbavu. Nekoye aliliangalia, akasema ni dogo, kama harage. Nikaagiza akandwe kwa maji ya moto na chumvi, nikatoa na vidonge sita katika vile vichache vinavyokaa kwenye kopo la kufuli.

Baada ya siku tatu nilimwomba Nekoye aliangalie tena. Mama alikataa, akamwambia limepoa. Sasa naelewa kwa nini. Likionekana na binti, binti angelazimika kulitaja mbele ya mume wake, lilipo na ukubwa wake, na mama hakutaka mwili wake utajwe masikioni mwangu hata kwa mdomo wa mwanawe. Kwa hiyo alilikalia. Na mimi, shemeji, nilifurahi. Niliringa hata kidogo, nikajiona dresa kweli. Mgonjwa mwingine yeyote ningemwambia nataka lionekane. Kwa mama nilishukuru mlango, nikafunga dirisha, nikaenda kula.

Jumanne ya tarehe tano watu wote wa kilima hiki walikwenda Kimilili kwenye mazishi ya mke wa ami yako. Nekoye alikwenda na kulala huko. Mama hakwenda, alisema miguu imechoka. Kutoka mlango wa dispensari naliona paa la jikoni kwake, na kila asubuhi moshi hutoka kabla sijafungua. Siku hiyo haukutoka. Nilingoja mpaka jua likawa juu ya miti. Nikaenda, nikasimama nje ya ua, nikapiga hodi kwa nguvu na kuuambia ukuta kwamba dresa amekuja kusalimu. Nilisikia sauti. Alikuwa anazungumza na marehemu baba yenu, akimwambia afunge zizi.

Nilikimbia nyumba hadi nyumba nikitafuta mwanamke mmoja, hata bibi kizee, hata msichana. Hapakuwa na mtu, ni mbwa tu. Kuita gari kunahitaji barua ya chifu, na chifu alikuwa mazishini, na barabara yenyewe ilikuwa imekatwa na mvua hapo chini, upande wa Bungoma. Nilirudi. Nilisimama mlangoni pa nyumba nisiyopaswa kuikanyaga, muda wa kuchemsha maji, na sikusimama kwa kufikiri, nilisimama kwa woga. Halafu niliingia.

Alikuwa chini, karibu na mafiga, anawaka moto. Nilichukua kitambaa chake cha kichwa nikamfunika uso, ili angalau macho yake yasinione. Yangu singeweza kuyafunga, maana yalikuwa na kazi. Nikachemsha kisu, nikalipasua jipu. Lilikuwa limeacha kuwa harage siku nyingi. Mahali lilipokuwa ni mahali ambapo wewe mwanawe hupaswi kusoma, kwa hiyo aya inayofuata si yako. Tafadhali mpe Jerono karatasi hii sasa hivi, asome yeye, halafu akurudishie.

Jerono, pole na kazi za nyumba. Najua kwetu hata mke wa shemeji ana heshima yake na mimi, lakini wewe si Mbukusu, ni wa kabila la mlimani, labda mnatucheka kwa haya yetu, na leo nakuomba uwe mtu wa mlimani kabisa. Jipu lilikuwa kwenye paja la kulia, upande wa ndani, chini kidogo ya kinena. Nilipasua urefu wa kidole gumba. Usaha ulijaza bakuli, ukabaki shimo refu, na shimo kama hilo likifunga mdomo mapema linaoza ndani. Kwa hiyo nililijaza utepe wa bandeji, kitambaa cha urefu wa mkono wako. Kitambaa hicho hutolewa siku ya pili, kikawekwa kingine. Hiki hakikutolewa. Kimo ndani ya mama mpaka leo, siku ya tisa, na homa mnayoitibu kwa kwinini inatoka humo. Mkia wake niliuacha nje, umefungwa uzi mweusi. Chemsha maji, tia chumvi, yapoe kidogo, osha mikono yako kwa sabuni mpaka viwiko. Lowesha jeraha mpaka kitambaa kilainike, kisha vuta polepole sana. Usipouona uzi, usichokonoe. Hata kikitoka chote, mpelekeni hospitali leo leo, kuna sindano mpya huko ambazo kwetu hazijafika, na umwambie daktari wazi kwamba ndani kulikuwa na kitambaa, au kwamba bado kimo. Mama akikataa kukuonyesha, mwambie mimi, Eliakim, nimeshasema kila kitu, hakuna tena cha kuficha. Sasa mrudishie mumeo.

Shemeji, nashukuru. Kama Jerono ameinuka kwenda kuchemsha maji, mwache, endelea peke yako.

Nilikuwa nafunga bandeji ya juu wakati mama alipozinduka. Aligeuza kichwa na kitambaa kikaanguka. Tuliangaliana. Miaka tisa nimemwoa binti yake na sikuwa nimewahi kujua kwamba macho yake ni ya Nekoye hasa, hata ule ukunjo wa pembeni. Hakupiga kelele. Alivuta shuka, akajifunika hadi shingoni, kisha akanisemesha mimi, siyo mlango wala kuku. Aliniita kwa jina langu. Alisema nimemwona, na kwamba yeye sasa hana pa kukaa kijijini, kwa sababu kila atakaponiona njiani atajua ninachokijua. Halafu akaniomba nisimwambie mtu, hasa Nekoye, hasa wewe. Nilimwapia kwa jina la baba yangu. Nilimwambia kwamba kesho Nekoye akirudi atambadilishia kitambaa bila kuuliza kitu. Aligeukia ukuta, nikadhani amekubali. Nilimwachia maji na uji, nikatoka kinyumenyume, nikapitia kinamasini kama kawaida, kama kwamba kuzunguka bado kulikuwa na maana.

Siku hiyo sikuandika jina lake kitabuni. Asubuhi ya Jumatano moshi haukutoka tena, nikaenda mbio, na nyumba ilikuwa tupu. Watu wa barabarani wakasema walimwona mama mmoja anachechemea na fimbo, amebebwa na lori la mbao la Kitale. Alikimbia na kitambaa changu mwilini. Nekoye aliporudi Alhamisi aliniuliza mama yuko wapi, nikasema amekwenda kukusalimia. Akauliza kwa nini. Hilo ndilo swali analoniletea kila jioni pamoja na ugali.

Mpaka hapa ungeweza kunihurumia, Walubengo. Pengine ungesema Eliakim alifanya alichoweza, kosa ni la mvua, kosa ni la baraza lililoona paa ni bora kuliko mtu. Na mimi ningependa niishie hapa, niweke sahihi. Lakini bado sijakuambia.

Barua yako ililetwa na Kipkemboi, yule anayenunua ngozi za ng'ombe huku na kuzipeleka Kitale kwa baiskeli. Ililetwa Jumapili. Leo ni Alhamisi. Niliposoma neno homa, na kwamba hakai vizuri, nilijua palepale. Sikuhitaji kufikiri. Nilipomaliza kusoma mstari huo ningeweza kukuandikia maneno mawili tu, kitambaa ndani, na Kipkemboi angekuwa kwako kabla ya jua kuzama. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anangoja jibu, kwa maana ulimwambia angoje. Nilimwambia sina karatasi. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeegemea kitabu cha wagonjwa chenye kurasa mia mbili. Aliangalia kitabu, akaniangalia mimi, akafunga ngozi zake akaenda.

Siku nne. Nilijiambia kwamba nailinda ahadi. Nimejiambia hivyo kila asubuhi nikinawa uso, na jana usiku nilichoka kujidanganya. Siyo ahadi iliyonizuia, shemeji. Niliogopa kuitwa mkwe aliyemvua mama mkwe wake nguo. Niliogopa kwamba nitapita njiani na watu watanyamaza, na kwamba Nekoye ataniacha, na kwamba nikirudi kwetu Bungoma hadithi itakuwa imefika kabla yangu. Niliipima aibu yangu na maisha ya mama yako, na kwa siku nne aibu ilikuwa nzito zaidi. Huyo ndiye dresa mnayemlipia kodi.

Ningekuja mwenyewe leo, lakini akisikia sauti yangu mlangoni atatoka kwa dirisha, na kwa jeraha lile hatafika mbali. Ndiyo maana namtuma Kipkemboi tena. Nimemwambia asisimame popote, hata kwa chai. Akishavuka mto nitakwenda kwa mama nimwambie Nekoye yote haya kwa mdomo wangu. Sikumwambia kwanza kwa sababu nilijua nikimwambia kwanza sitaimaliza barua. Akitaka kurudi kwenu, nitakubali, na mahari sitaidai. Mambo ya kuombana radhi na mama, kondoo au ng'ombe, wazee wataamua, nami nitatoa watakachosema. Lakini hayo ni ya mtu aliye hai.

Msalimie Jerono kwa mikono miwili, na watoto, na jirani zako wa Kibomet wanaonifahamu. Kama mama anasikia, usimpe salamu zangu kwa sasa, mpe maji tu. Kipkemboi atakaa kwako mpaka uandike. Nakuomba, shemeji, jibu lako lisiwe na heshima yoyote. Usianze na salamu, usiniulize hali yangu, usizunguke kinamasini. Mstari wa kwanza uniambie kama yuko hai.

Ni mimi, mkwe wenu,
Eliakim Wabwile, dresa.